Kabla ya kurudi kwa kaka, mpigie wifi

Dada, umeuliza kama, sasa umetengana na baba watoto, ukubali wito wa kaka yako wa Morogoro, uende kwake na watoto wako wawili, au ujikaze upange chumba hapo hapo Dar kwa sababu unamwogopa wifi. Mimi nilitoka Mbagala na wanangu nikaenda kwa kaka yangu Tanga, na huyo wifi niliyekuwa namwogopa ndiye aliyenisaidia nisimame tena. Kwa hiyo jibu langu ni nenda. Ila mpigie wifi yako kwanza, wewe mwenyewe, usipitie kwa kaka.

Kaka akisema "njoo dada yangu" anasema kwa moyo, lakini anayejua unga unaisha lini ni mkewe. Mimi nilimpigia wa kwangu wakati kaka yuko kazini. Nikamwambia, "Wifi, nakuja na watoto na mkononi sina kitu. Niambie kweli, tutaenea?" Akakaa kimya, halafu akacheka: "Tutabanana. Ila wanao waje wakijua kwangu vyombo vinaoshwa usiku, havilali." Nikashusha pumzi. Mtu akishaanza kukupa masharti ya vyombo, ujue ameshakuwekea godoro.

Ukifika, shika kitu kimoja cha nyumba ukifanye chako, hata kama huna kipato cha maana. Mimi nilishika sukari na sabuni, LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nikaiongeza baadaye. Maneno ya jikoni huanzia kwenye vitu hivyo vidogo vidogo, siyo kwenye kodi. Na mkubaliane mapema nani anamkanya mtoto. Mimi nilisema mbele ya watoto wenyewe: mke wa mjomba akisema hapana, ni hapana, msije kwangu kukata rufaa.

Mtaji sikupewa fedha taslimu. Mama yangu mdogo alikuja na chuma cha vitumbua, mchele, nazi na kichupa cha hiliki, akasema, "Anza kesho." Nilinuna kidogo, nilitaka hela. Lakini hela ingeishia kwenye sare za shule. Mchele unaulowesha jioni, unausaga na tui la nazi, unatia hamira na kuuacha uumuke. Saa kumi alfajiri mafuta yako motoni. Chuma kikipoa tu, kitumbua kinanyonya mafuta, na mteja akikishika karatasi inalowa, kesho humwoni. Sasa fikiria niko pale na kijiti nageuza, nani anawaamsha watoto, anawaogesha na kuwapeleka shule? Wifi. Huko kwenye chumba cha kupanga ungemlipa dada wa kazi, au ungefunga biashara. Ndugu wengi hawana fedha za kukupa, ila mikono wanayo, na mikono ndiyo utakayoihitaji zaidi.

Kuhusu baba watoto, kwenda kwa kaka hakumfutii wajibu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto wake, mkiishi pamoja msiishi pamoja. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, wengi wanalainika wakipata tu barua ya wito. Akikutishia kuwachukua watoto, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamchukulia mtoto aliye chini ya miaka saba kuwa ni vema akae na mama, ingawa mahakama inaweza kuamua vingine kukiwa na sababu. Na ukiambiwa "nyumba hukuchangia, ulikuwa unapika tu", Mahakama ya Rufani ilishalijibu hilo mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, kwa kuwa ilionekana mume alishampa fedha, naye Bi Hawa akazitapanya. Kwa hiyo chochote utakachopewa, andika.) Talaka ya mahakamani kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi, hivyo usishangae ukiambiwa urudi kata au kwa viongozi wa dini.

Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia nne ni ya wanawake na haina riba, lakini inatolewa kwa vikundi. Mgeni hapati kikundi wiki ya kwanza. Ingia kwanza kwenye kikoba cha mtaani, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, weka hisa ndogo, wakuzoee.

Kabla hujatoka Dar, chukua vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na barua ya uhamisho ya mtoto anayesoma. Uhamisho uanze nao leo, maana kuufuatilia ukiwa tayari uko Morogoro ni nauli juu ya nauli.