Maswali Yenu: Utumwa, Ushuru au Haki za Majimbo?

SWALI: Mwenzangu anashikilia kwamba Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilisababishwa na ushuru wa forodha na haki za majimbo (yaani kila jimbo kujiamulia mambo yake), na kwamba utumwa ulikuja kupachikwa baadaye. Nimjibuje?

JIBU: Mpe asome yalichoandika majimbo ya Kusini yenyewe yalipojitenga na Marekani. South Carolina ilijitoa tarehe 20 Desemba 1860, na siku nne baadaye ikatoa tamko la sababu zake. Ushuru wa forodha haumo. Kilichomo ni malalamiko kwamba watumwa wanatorokea Kaskazini na hawarudishwi, na kwamba New York inawanyima mabwana hata ruhusa ya kupita na watumwa wao. Mississippi nayo haikuzunguka mbuyu: mwanzoni tu mwa tamko lake ilisema msimamo wake umefungamana na utumwa.

Hoja ya haki za majimbo ndiyo inayomgeukia mwenzako. Chini ya Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850, iliyokuwa sheria ya serikali kuu, kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Mshtakiwa hakuruhusiwa kujitolea ushahidi. Aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Majimbo kadhaa ya Kaskazini yakatunga sheria za kuwakinga watu hao, na Kusini ikaja juu, ikitaka serikali kuu iyabane. Haki za jimbo zilikuwa tamu pale tu zilipomlinda bwana.

Na ushuru? Ule mkubwa, uliojulikana kama ushuru wa Morrill, ulitiwa saini tarehe 2 Machi 1861, majimbo saba yakiwa yameshajitenga na wengi wa maseneta wake wameacha viti. Kilichowatia kiwewe mabwana wa Kusini ni uchaguzi wa Novemba 1860. Abraham Lincoln, aliyeshinda urais, aliahidi kuzuia utumwa usienee katika maeneo mapya ya magharibi, si kuufuta ulikokuwapo. Lakini nchini kulikuwa na watumwa karibu milioni 4, na katika South Carolina na Mississippi walizidi nusu ya wakazi. Mabwana walipiga hesabu: majimbo huru yakiongezeka, kura zao katika Seneti zitamezwa.

SWALI: Kama ni hivyo, mbona Lincoln hakuwaacha watumwa huru tangu siku ya kwanza?

JIBU: Kusini ilijitenga kwa ajili ya utumwa, Kaskazini ilianza kupigana ili nchi isivunjike. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri yalikuwa majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wa Lincoln, naye aliogopa kuyapoteza. Ndiyo maana tangazo lake la kuwaacha huru watumwa, la tarehe 1 Januari 1863, liliyaruka yote manne. Waliokuwa bado utumwani Kentucky na Delaware walingoja Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, Desemba 1865, bunduki zikiwa zimenyamaza kwa miezi.