Uliza Ujibiwe: Rochdale ni wapi, na nani katoka huko?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni mkulima wa kahawa huku Rungwe. Kwenye semina ya AMCOS, yani chama chetu cha ushirika cha mazao, afisa ushirika kataja "Kanuni za Rochdale" mara kibao af akapita tu, hakufafanua. Hivi Rochdale ni mtu au ni sehemu? Na kama ni sehemu, watu gani wa maana wametoka huko? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ndaga fijo ndugu yangu, umeuliza kitu ninachokipenda kwelikweli. Rochdale ni mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, kama kilomita 16 hivi kutoka Manchester, chini ya milima ya Pennines, na hizo kanuni ni taratibu za duka la ushirika lililoanzishwa huko, nitalifikia. Zamani watu wake walikuwa wanafuma flaneli ya sufu majumbani kwa mikono, baadaye vikaja viwanda na mashine za mvuke, mshahara wa mfumaji ukaporomoka mpaka njaa ikapiga hodi.

Majina makubwa yapo. Kuna John Bright, kazaliwa 1811, baba yake alikuwa na kiwanda cha pamba, yeye akawa mbunge na msemaji hodari sana, na akiwa na mwenzie Richard Cobden walipigania ushuru wa nafaka za kutoka nje ufutwe ili mkate ushuke bei, ukafutwa 1846. Namheshimu kwa hilo, na kwa kusimama upande wa kaskazini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ya 1861 hadi 1865, wakati viwanda vya kwao vimekosa pamba iliyokuwa inatoka kusini ya huko. Ila huyohuyo bungeni alipinga sheria ya kupunguza masaa ya kazi viwandani yawe kumi kwa siku, na mi hilo siwezi kulifumbia macho. Yupo pia James Kay-Shuttleworth, kazaliwa 1804, aliyeanzisha chuo cha ualimu pale Battersea, London, na Edwin Waugh, mshairi aliyeandika kwa lahaja ya kwao Lancashire.

Lakini kwangu mimi wakubwa wa Rochdale ni wale watu 28 ambao wengi wetu hata majina yao hatuyajui, wafumaji na mafundi wengine, akina Charles Howarth, James Smithies na William Cooper. Walikuwa wamedai nyongeza ya mshahara wakagonga mwamba. Madukani nako unga unachanganywa na chaki, mizani imechezewa, na kuna matajiri wa viwanda walikuwa wanalipa vibarua bidhaa badala ya hela, tena bidhaa za kutoka duka lao wenyewe. Basi wakakubaliana kila mtu atoe paundi moja, na we fikiria paundi ya wakati ule ilikuwa peni 240 na kuna waliokuwa wanaweka peni mbili mbili kwa wiki, hapo ni wiki 120 za kujinyima.

Tarehe 21 Desemba 1844, jioni, kwenye baridi, wakafungua kaduka kao ka ushirika namba 31 mtaa wa Toad Lane, kwenye ghorofa ya chini ya ghala. Ndani kuna nini? Siagi kidogo, sukari, unga wa ngano, unga wa oati na mishumaa, basi. Watoto wa viwandani wakaja kuchungulia na kuwazomea. Jengo bado lipo, tangu 1931 ni makumbusho.

SWALI: Mhariri, kwenye AMCOS yetu ya kakao mwenye hisa nyingi ndo anasikilizwa, sisi wa gunia moja tunaitikia tu. Huko kwa waanzilishi wa duka la Rochdale ilikuwa hivyohivyo? – Msomaji, Kyela

JIBU: Hapana kabisa, na ndo maana tunawazungumzia mpaka leo. Kwao mtu mmoja kura moja, uwe na hisa moja au hamsini. Hisa ilipata riba yenye kikomo, halafu faida iliyobaki ilirudi kwa wanachama kulingana na manunuzi yao. Yani tuseme faida ni shilingi 50 kwa kila elfu moja uliyonunua, na mwaka mzima umenunua vya laki mbili, unapewa elfu kumi yako. Kwenu mnaouza mazao hesabu inafuata kilo ulizoleta ghalani.

Kingine, hawakukopesha. Howarth na wenzie walishajaribu duka 1833 likafa ndani ya miaka miwili hivi sababu ya mikopo, kwa hiyo mara hii wakasema keshi tu, na mahesabu yanasomwa mbele ya wanachama. Shirikisho la ushirika la kimataifa lilizipitisha kanuni zao 1937, zikarekebishwa 1966 na 1995, hizo saba za sasa zimetoka humo, na ya pili inasema wazi chama kinaendeshwa kidemokrasia na wanachama. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu nyoosha mkono, omba masharti ya chama yasomwe kifungu cha kura, usisubiri mtu akusemee.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu ndo mwanachama wa chama cha chai, ila shambani nipo mimi. Huko Rochdale wanawake walikuwepo? – Mama wa Mufindi

JIBU: Marahaba mama, kamwene. Walikuwepo. Eliza Brierley aliandikishwa uanachama 1846, kipindi ambacho sheria ya Uingereza ilikuwa bado inahesabu mali ya mke kuwa ya mume, sheria za kubadili hilo zilikuja 1870 na 1882. Na mwanamke maarufu kuliko wote wa mji huo ni Gracie Fields, kazaliwa 1898 juu ya kibanda cha samaki na chipsi cha bibi yake, utotoni kafanya kazi kiwanda cha pamba, baadaye kaimba na kuigiza mpaka akawa kati ya nyota waliolipwa zaidi duniani miaka ya 1930. Sanamu yake ipo pale mjini tangu 2016.

Kuhusu wewe, nenda kwa katibu wa chama, omba masharti, soma kifungu cha sifa za mwanachama. Kama una sehemu yako ya shamba na unaweza kulipa kiingilio na hisa, jaza fomu kwa jina lako mwenyewe, na ukikataliwa omba sababu kwa maandishi uzipeleke kwa afisa ushirika wa wilaya.