"Quite" ni kabisa au ni kiasi? Mimi iliwahi kuniumbua

Mkuu, umeuliza kwa nini kamusi moja inasema "quite" ni kabisa na nyingine inasema ni kiasi, na kama ufurahi kuandikiwa "I was quite pleased with your interview". Kamusi zote mbili ziko sahihi, na balaa linaanzia hapohapo.

Nilipoanza kutafsiri, mhariri wangu alikuwa Mwingereza. Kazi yangu ya kwanza ilirudi na maneno manne: "This is quite good." Nikatembea kifua mbele siku nzima. Kazi iliyofuata akapewa mwingine. Kumbe Mwingereza akiiweka "quite" mbele ya sifa yenye viwango, kama good, cold au tired, mara nyingi anaipunguza makali: si mbaya, inapita, usivimbe kichwa. Mmarekani akitamka sentensi ileile, kwa kawaida anakusifu kwelikweli.

Kwa sifa zisizo na viwango hawagombani. "Quite impossible" ni haiwezekani kabisa, na "quite dead" amekufa kabisa, maana hakuna anayekufa kiasi. Mimi hujipima kwa Kiswahili: sifa ikikubali "sana" (baridi sana, amechoka sana), nakaa chonjo, ikikubali "kabisa" tu, basi "quite" nayo ni kabisa. Kipimo hiki huteleza mara mojamoja. Sisi tunasema "umekosea sana", ilhali "quite wrong" ni umekosea kabisa.

Sikiliza na sauti pia. Mwingereza akiikandamiza "quite" yenyewe, jua kuna "lakini" inakuja nyuma. Akiikandamiza "good", amependa zaidi. Kwenye maandishi sauti haipo, ndiyo maana mimi niliingia mkenge.

Vitenzi navyo vina yao: "I quite agree" ni nakubaliana nawe kabisa, "I quite like it" ni naipenda kiasi. Halafu kuna "quite a few", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno utadhani ni wachache, kumbe ni wengi tu. Hiyo naifananisha na "si haba" yetu. "Not quite" ni bado kidogo.

Kihistoria neno hili ni ndugu wa "quit", na maana yake kongwe ni hiyo ya kabisa. Ya kiasi ilizaliwa baadaye, ikaota mizizi zaidi Uingereza. (Na jamani, "quiet" ni kimya. Herufi mbili zikibadilishana nafasi umeandika kitu kingine.)

Siku hizi nikiandika ripoti siigusi. Nikitaka sana naweka "very", nikitaka kiasi naweka "fairly", kila mtu ananielewa.

Sasa turudi kwako. "Pleased" ina viwango, kwa hiyo kabla sijakupongeza: aliyekuandikia ni Mwingereza au Mmarekani?