Re: DNA ya bloku za nta haitoi bendi, niachane na jenetiki ya saratani?

Habari mdau. Kwahiyo umetoa DNA kwenye bloku za nta zenye vipande vya uvimbe wa titi, PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA) umerudia mara nne jeli bado tupu, hakuna bendi (mstari unaoonyesha DNA imenakiliwa), na sasa unawaza kuacha masters. Usiache bana.

Kwanza kabisa angalia urefu wa kipande unachotafuta. Formalini, dawa ya kuhifadhia vipande hivyo, inakatakata DNA, ukitumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za kipande cha bezi (herufi za DNA) 500 unaweza usipate kitu hata ufanyeje. Mimi nilihangaika na hili hapa Dar karibu miezi mitatu, mara nadhani ni enzaimu, mara umeme kukatika, kumbe praima zilikuwa za DNA ya damu, ambayo haijakatika hivyo, nilipoagiza za bezi 120 bendi ikatokea saa tatu usiku, nyembamba kama uzi lakini ipo, nikakaa naiangalia kwenye mwanga wa UV mpaka mlinzi akaja kufunga. Weka na DNA ya damu kama kontroli (sampuli ya kulinganishia), ikitoka hiyo na ya bloku isitoke basi mashine ni nzima. Nta itoe vizuri, proteinezi K (enzaimu ya kumeng'enya protini) iache usiku kucha kwenye nyuzi 56.

Na usijipime kwa miezi. Mwanajenetiki Mary-Claire King alianza kufuatilia saratani ya matiti ya kurithi miaka ya 70, wengi hawakuamini, mwaka 1990 ndo akaonyesha jeni liko kromosomu ya 17. Jeni lenyewe, BRCA1, likanaswa 1994, tena na timu nyingine.

Tupia hapa praima zako na picha ya jeli, nitaziangalia leo jioni.