Muulize Fundi wa Modeli: "Nzuri mwanangu, ila siyo ile"

Habari fundi. Nimejenga modeli ya gari ya VW Beetle, skeli 1/24 (yaani kila kipimo cha gari halisi kimegawanywa kwa 24), kwa ajili ya mzee wangu. Aliwahi kuwa na ya mwaka 1966 na picha yake anayo mpaka leo, imepigwa kwa ubavu. Sasa nikamuonyesha kazi akaiangalia weee, mwisho akasema "nzuri mwanangu, ila siyo ile". Imeniuma kwa kweli. Nimepima ekseli hadi ekseli ni milimita 100, na kutoka mezani mpaka juu ya paa ni milimita 65. Rangi bado, na bodi nimeishikiza kwa tepu tu. Nianzie wapi? – Mtoto wa mzee

Pole, ila hapo umefanya jambo moja kubwa sana, hujamwaga gundi. Gari iliyoshikizwa kwa tepu bado inasikiliza.

Tuanze na namba zako. Beetle ya kawaida ina milimita 2400 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, gawa kwa 24 unapata 100 kamili, kwa hiyo hapo waliotengeneza kalibu walipatia na usipaguse. Kwenda juu gari halisi ina milimita 1500, gawa kwa 24 ni 62.5. Ya kwako ina 65. Utasema milimita mbili na nusu ni nini, lakini zirudishe kwenye gari halisi ni sentimita 6 nzima! Gari iliyoinuka sentimita 6 mtu aliyeiendesha miaka anaiona toka mlangoni, hata kama hawezi kukuambia ni nini hasa kinachomsumbua.

Sasa hizo milimita zimetoka wapi, maana usikimbilie msumeno. Kuna sehemu tatu za kuangalia. Ya kwanza ni tairi. Tairi ya Beetle ya miaka ile ina kipenyo cha kama sentimita 65, kwa skeli yako ni milimita 27, pima zako kwa vernia (kile kipimio chenye taya), na kumbuka tairi ikizidi milimita 2 kwenye kipenyo gari inainuka milimita 1 tu kwa sababu ekseli iko katikati. Ya pili ni pale ekseli inaposhika kwenye chasisi, na mimi kwa uzoefu wangu mara nyingi tatizo linakaa hapo, modeli nyingi zinatoka kwenye boksi zikiwa zimesimama juu juu kama gari inayotaka kuvuka mto. Ya tatu ndo bodi yenyewe, na hii ndo ngumu, kwa hiyo iache ya mwisho.

Ili ujue kama bodi ina kosa tumia picha ya mzee. Pima kwenye picha umbali kati ya vitovu vya matairi, tuseme ni milimita 80, kwenye modeli ni 100, kwa hiyo kila kipimo cha picha utakizidisha kwa 1.25. Pima kutoka ubao wa kukanyagia chini ya mlango mpaka juu ya paa, pima urefu wa dirisha, zidisha, linganisha na ulichonacho mezani. Lakini angalia picha ilipigwaje. Kamera ikiwa karibu na gari inadanganya, kilicho karibu na lenzi kinavimba na cha mbali kinasinyaa, ukifuata vipimo vyake utaharibu bodi iliyokuwa sawa. Picha ya kuamini ni ile mpigaji amesimama mbali, kamera usawa wa katikati ya mlango, na tairi zote mbili zinaonekana duara kabisa, siyo yai.

Ukikuta bodi iko sawa (natumaini itakuwa hivyo), shusha gari kwenye ekseli. Kata kishikio cha ekseli, kipandishe kwa kiasi kilichozidi, jaza chini yake kipande cha shiti ya plastiki, na kabla ya gundi rudisha bodi ujaribu kama tairi haigusi madigadi. Fanya mbele na nyuma kivyake vyake, usishushe kote sawa kwa mazoea, kwa sababu picha inaweza kukuonyesha mbele kumezidi milimita 3 na nyuma 1.

Lakini nina wasiwasi tatizo la mzee siyo urefu peke yake. Hujaniambia boksi lako ni la Beetle ya mwaka gani! Hili ndo swali ambalo ningemuuliza kila anayeniandikia, kwa sababu usahihi haupo kwa "Beetle", upo kwa Beetle ya mwaka fulani. Kuanzia Agosti 1967 VW walibadilisha vitu vingi kwa mpigo kwenye gari hii. Taa za mbele zilizokuwa zimelala na kioo chake kufuata mteremko wa digadi zikasimama wima. Bampa zikawa nene na zenye kona, zile nyembamba za mviringo zikaisha. Mfuniko wa mafuta, ambao kabla yake ulikuwa ndani, mpaka ufungue boneti, ukahamia nje upande wa kulia mbele, na pale chini ya kioo cha mbele zikaja nafasi za kuingiza hewa. Kwa hiyo kama modeli yako ina taa zilizosimama wima na kamstari ka mfuniko upande wa kulia, umejengea gari ya 1968 kwenda mbele na mzee wako alikuwa na ya 1966. Amekuambia ukweli: siyo ile.

Angalia hayo kwanza hata kabla ya kushusha ekseli. Ikiwa ndivyo, mfuniko na nafasi za hewa ni rahisi, jaza puti, acha ikauke mpaka kesho, piga msasa 400 halafu 600 halafu 1000. Taa ndo kazi. Kwenye seti nyingi za Beetle madigadi yanakuja vipande vya peke yake, kwa hiyo ukipata madigadi ya seti ya Beetle ya kabla ya Agosti 1967 yahamishe, hiyo ndo njia ninayoipenda. Ukikosa, kata duara la taa, jenga mteremko kwa shiti ya plastiki na puti, na tengeneza digadi zote mbili siku moja kwa sababu mkono wa leo na wa wiki ijayo si mmoja. Usizibe madirisha, hayo yako sawa, yalikuzwa kuanzia modeli ya 1965 kwa hiyo ya mzee ilikuwa tayari na makubwa.

Ukimaliza, ipige picha kama ya mzee ilivyopigwa. Kama mpigaji alikuwa amesimama wima, macho ya mtu mzima yako kama sentimita 160 kutoka chini, kwa 1/24 ni milimita 67 hivi kutoka mezani, weka lenzi ya simu hapo, na kama mpigaji alisimama mita 6 wewe kaa sentimita 25. Geuza picha zote mbili ziwe nyeusi na nyeupe ziweke pamoja. Rangi inaficha makosa mengi sana, ukiiondoa unaona umbo lenyewe. Na nitafurahi mno ukiniandikia mzee alisema nini safari hii.

Shikamoo fundi. Nina miaka 15, hii ni modeli yangu ya pili. Vioo vimekuwa na ukungu mweupe nilipovibandika, na mistari ya milango imepotea kabisa baada ya kupaka rangi. Nilipaka mara mbili tu. Naomba msaada. – Mwanafunzi

Marahaba mdogo wangu. Ukungu umetokana na supagluu, mvuke wake unapanda na kuganda kwenye plastiki angavu, hata usipogusa kioo. Chukua msasa wa 2000 na maji, sugua polepole sana, kisha malizia na polishi laini au hata dawa ya meno kwenye kitambaa, kitarudi kung'aa. Safari nyingine bandika vioo kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani, na ikimwagika unaifuta kwa maji. Gundi ya plastiki yenyewe, ile inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, iache kwa bodi na chasisi tu.

Mistari sasa. Nafasi kati ya mlango na bodi kwenye gari halisi ni milimita 4 au 5 hivi, kwa 1/24 inakuwa kama milimita 0.2, kitu cha unene wa nywele mbili tatu. Unafikiri rangi nzito itapaacha wazi? Mara mbili siyo nyingi, shida ni kwamba ulipaka nzito, na ndani ya tabaka moja nzito zinaingia nyembamba nne. Inabidi utoe rangi. Jaribu kitoa rangi chako kwenye upande wa ndani wa bodi kwanza usubiri, maana thina kali inayeyusha plastiki ikabaki kama imeliwa. Kisha kabla ya praima (rangi ya msingi) pitia kila mstari na ncha ya sindano au mgongo wa kisu, unavuta kuja kwako taratibu bila kukandamiza, mara tano sita nyepesi, na bandika tepu ngumu kando ya mstari ikuongoze usiteleze kwenye mlango. Praima nyepesi. Halafu puliza rangi kutoka kama sentimita 20, ya kwanza iwe ya ukungu tu plastiki bado inaonekana, usione haya, subiri, rudia. Na fungua dirisha uvae barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi, mapafu yako ni muhimu kuliko gari lolote.

Fundi, nina injini nzuri kutoka seti ya 1/25 nataka kuiweka kwenye gari ya 1/24. Itaonekana? – Mpenda injini

Injini weka bila wasiwasi. Tofauti ni asilimia 4, kitu cha milimita 25 kitapungua milimita 1, na ndani ya boneti hakuna jicho litakaloiona. Lakini matairi, viti na usukani nisingechanganya, hivyo vinakaa karibu na vitu ambavyo jicho linavijua ukubwa wake. 1/24 ni nusu inchi kwa kila futi, ndo maana watu wengine bado wanapimia kwa inchi.

Bampa zangu zina kromu ya kiwandani inayong'aa kama kijiko kipya, na katikati kuna mstari wa kalibu. Nifanyeje? – Msomaji

Itoe. Loweka kwenye blichi ya klorini, mara nyingi ndani ya saa moja kromu imeondoka, suuza sana, usichanganye na kitu kingine chochote hasa asidi au amonia kwa sababu inatoa gesi ya sumu. Chini ya kromu utakuta lakeri, hiyo inaweza kubaki ikahitaji msasa. Ondoa mstari, paka nyeusi inayong'aa kama kioo, ikauke kweli kweli, ndo upulize rangi ya kromu juu kwa wepesi. Nyeusi ya chini ikiwa na vumbi kromu itakuwa kijivu. Na hata usipotoa kromu, kwangua pale unapobandika, gundi ya plastiki haishiki juu yake.

Nimeacha gari miezi kadhaa kwenye kabati, matairi yameyeyusha rimu! Inawezekana? – Aliyeshangaa

Inawezekana kabisa, na pole. Matairi laini ya vinaili yana kilainishi ndani kinachotoka polepole na kuila plastiki ya rimu. Rimu mpya zipake rangi vizuri mpaka ndani kwenye ukingo, au zungushia ukanda mwembamba wa foili pale tairi inapokaa.

Nataka kuweka nyaya za plagi kwenye injini ya Beetle. Nyaya za unene gani, na zinaendaje? – Mpenda injini (tena)

Nilitegemea ungerudi. Waya wa plagi wa kweli una unene wa kama milimita 7, gawa kwa 24 ni 0.29, kwa hiyo tafuta waya wa 0.3. Watu wanaweka wa 0.5 kwa sababu ndo uliopo na injini inaonekana ina mabomba ya maji, na injini hii inapozwa kwa hewa. Toboa kichwa cha distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi, kwa keekee ndogo ya mkono, matundu manne na moja la katikati la waya wa koili.

Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-4-3-2. Silinda ya 1 na ya 2 ziko kulia mwa gari, ya 3 na ya 4 kushoto, na katika kila upande namba ndogo ndo iliyo mbele, yaani karibu na viti. Rota, ile iliyo ndani ya distributa, inazunguka kama saa, kwa hiyo ukianza na tundu la 1 unalofuata kwa mwendo wa saa linakwenda 4, kisha 3, kisha 2. Kunja waya kwanza kwenye kijiti cha meno upate mkunjo laini, kata ukiwa umeuacha mrefu kidogo, na bandika upande wa distributa kwanza uache ukauke ndo uuvute kwenda kwenye plagi.