Friza inachelewa kugandisha barafu na inakula uniti: kabla ya kuongeza gesi, soma hapa

Mkuu, umesema unapanga pakiti 20 za nusu lita saa 2 usiku, alfajiri unakuta katikati bado maji, LUKU inakimbia, na fundi anataka kuongeza gesi. Mzuie kwanza, tupige hesabu ya joto.

Kilo moja ya maji ya nyuzi 30 ikishuka hadi 0 inatoa kilojuli 126. Kuganda, pale pale kwenye 0, inatoa 334. Kushuka tena hadi -18 ni 38 tu. Kwa kilo zako 10 ni kama kilojuli 5,000. Friza ndogo inayovuta joto kwa wati 150 inahitaji saa 9 na robo, mlango usifunguliwe. Yaani saa 11 alfajiri ndiyo kwanza zinamalizika! Na theluthi mbili ya muda huo kipimajoto kwenye pakiti kimekwama kwenye 0, ndiyo maana watu hudhani mashine imechoka.

Joto lile halipotei. Kanuni ya kwanza ya sayansi ya joto: kinachotoka nje ni joto lililovutwa ndani pamoja na umeme uliotumika. Wati 150 za ndani na 100 za kompresa, koili (bomba la nje linalotoa joto) inamwaga wati 250 chumbani. Kwa hiyo kuacha mlango wazi ili chumba kipoe ni kukipasha moto.

Kanuni ya pili ndiyo inayokula uniti zako. Joto kwa hiari yake huenda kwenye baridi; kulirudisha nyuma unalipia, na bei inapanda kadiri tofauti ya nyuzi inavyokua. Hata mashine kamilifu, ndani -18 (kelvini 255, yaani nyuzi ukijumlisha 273) na koili nyuzi 45 (kelvini 318), kila uniti moja ya umeme inahamisha uniti 4 za joto: 255 gawanya kwa 63. Koili ikifika 60 kwa sababu ya vumbi au kubanwa ukutani, inabaki 3.3. Friza halisi haifikii hata nusu ya hapo, lakini hasara inafuata mkondo huo huo. Isogeze sentimita 10 kutoka ukutani, piga brashi koili. Kama koili imefichwa ubavuni, usiegemeze magunia hapo; ubavu kuwa moto ni kawaida.

Ndani, yeyusha theluji kabla haijafika unene wa milimita 5, maana inazuia joto kufika kwenye bomba la ndani linalolivuta. Pakiti zilale bapa zikigusa chuma, usizirundike. Maji yaliyochemshwa yaache yapoe mezani kwanza.

Sasa gesi. Mfumo umezibwa, gesi haitumiki ikaisha. Ikipungua kuna tundu, na tundu lisipozibwa hiyo mpya itatoka vilevile. Ikizidi, presha ya koili hupanda na bomba la kurudi kwenye kompresa huota theluji hadi nje. Anayejaza R600a (aina ya gesi ya friza) lazima atumie mzani, kwa sababu friza ndogo huchukua makumi machache tu ya gramu, avute hewa kwa pampu kabla ya kujaza, na pasiwe na moto karibu: gesi hiyo inawaka.