Kuoga uchi na wenzangu kwenye chemchemi ya maji moto Japani

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili Tokyo, kwetu ni Tanga. Kila Desemba profesa wetu hutuchukua wanafunzi wake wote tukalale usiku mmoja Kusatsu, milimani katika mkoa wa Gunma, kwenye nyumba ya wageni ya kienyeji wanayoiita ryokan, yenye bwawa la maji moto ya ardhini, yaani onsen. Wanaume huoga pamoja uchi kabisa, na nguo haziruhusiwi majini. Mwaka jana niliona haya kukataa, nikaingia. Tangu siku ile nikisimama kuswali nakumbuka. Rafiki yangu amenitumia klipu ya sauti, msemaji anasema hakuna ubaya: ni wanaume kwa wanaume, hakuna matamanio, ni ada ya nchi, na kukataa ni kuvunja usuhuba. Safari nyingine ni wiki tatu zijazo. Nifanye nini? Na sala zangu za siku ile nizirudie?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Mwanangu, hukumu ya jambo lako ni nyepesi. Kilichonikosesha usingizi ni hiyo klipu. Nimeshaletewa na watu wengine wawili kabla yako, na nimeisikiliza hadi mwisho. Mtu anayejua Kiarabu kiasi kile hana udhuru wa kusema maneno yale.

Haijuzu kuingia majini uchi mbele ya watu, wala kukaa pale ukiwatazama wenzako wakiwa uchi. Uchi wa mwanamume kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ni baina ya kitovu na magoti, na jambo hilo unalijua tangu madrasa.

Sasa msemaji huyo. Anadai kwamba wanaume kwa wanaume jambo limelegezwa. Limelegezwa na nani? Mtume (s.a.w.) anasema katika hadithi ya Abu Said al-Khudri aliyoipokea Imam Muslim katika mkusanyiko wake wa hadithi: "Mwanamume asitazame uchi wa mwanamume, wala mwanamke asitazame uchi wa mwanamke." Hadithi inazungumzia hali ile ile ya bwawa lenu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Anayesema katazo halifiki hapo amelifuta lote.

Akaja na hoja ya matamanio, kwamba yasipokuwepo sitara imeondoka. Namwomba aende chumba cha kuoshea maiti, mtaa wowote wa pwani. Mimi nimeosha maiti tangu nikiwa kijana, na kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla kata ya maji haijainuliwa, ni kutandaza shuka juu ya marehemu kutoka kitovuni hadi magotini, kisha nguo zake zikavuliwa chini ya shuka hiyo hiyo. Mkono wa muoshaji umefungwa kitambaa, unapita chini ya shuka, na macho hayaufuati. Aliyelala pale pengine ni mzee wa miaka themanini, na wanaomwosha ni wanawe wa kuwazaa, machozi yanawatoka. Nani mle ndani ana matamanio? Na shuka haiondoki. Ikiwa maiti hafunuliwi mbele ya mwanawe, vipi kijana mzima afunuliwe mbele ya wanafunzi wenzake kwa sababu tu hakuna anayemtamani?

Ama ada ya nchi, hoja hiyo ni kongwe kuliko yeye. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Bani Israili walikuwa wakioga uchi, wakitazamana, na Nabii Musa (a.s.) akijitenga kuoga peke yake. Watu wake wakamsema: hamna kinachomzuia huyu kuoga nasi ila ana busha. Hebu yatazame hayo kwa utulivu, mwanangu. Musa alisimama ulipo wewe leo. Watu wote wanaoga pamoja, yeye anaona haya, na kwa haya yake anazushiwa kilema. Hakuingia majini ili kuwanyamazisha. Mwenyezi Mungu ndiye aliyemsafisha na walilolisema.

Na katika klipu hiyo hiyo akasema ni dharura, yaani lazima inayohalalisha kilichokatazwa! Dharura ni njaa inayoua. Hakuna aliyekufa kwa kutolowa maji moto.

Nimesema kwa ukali kwa ajili yake yeye, si kwa ajili yako. Wewe uko peke yako ugenini, unamheshimu mwalimu wako, na kwa Wajapani kuoga pamoja kuna maana njema: mkubwa na mdogo wanaviacha vyeo vyao kwenye kikapu pamoja na nguo. Wana na neno lake, hadaka no tsukiai, yaani usuhuba wa uchi. Najua uzito wa kuambiwa "njoo" na mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo safari usiivunje. Wapo watakaokwambia kulala tu pale ni haramu na yukata ni vazi la makafiri. Yukata ni nguo ya pamba ya kulalia na kutembelea humo ndani, haina ibada. Livae, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, kwani kinyume chake ndivyo wanavyowavisha maiti wao. Ukikuta kihekalu uani, kipite bila kuinama wala kupiga makofi. Sakafu ya mikeka ya tatami ni safi, viatu havikanyagi, iswalie. Kibla chako ni magharibi ikielekea kaskazini. Kutoka Tokyo hadi Kusatsu ni zaidi ya masafa ya kupunguza sala, basi Adhuhuri, Alasiri na Isha ziswali rakaa mbili mbili. Na uangalie saa: Desemba huko Magharibi huingia mapema sana, kama saa kumi na nusu hivi, wakati ambao wenzako ndio kwanza wanafika na kwenda kuoga. Chumba kitakuwa kitupu. Hiyo ni rehema kwako.

Maji yenyewe pia hukukatazwa. Nyumba nyingi za namna hii zina bwawa dogo la kukodi kwa muda, kashikiri, unafunga mlango unaoga peke yako. Ukiwa peke yako, kuvua nguo kwa haja ya kuoga kunajuzu. Hivyo ndivyo walivyooga Musa na Ayubu (a.s.), na Bukhari amezileta habari zao kuwa dalili. Kujifunga kikoi ni bora zaidi, ikiwa wenyeji wanaruhusu. Usikiingize kwa siri, maana umeingia kwa masharti yao. Jioshe kwanza nje ya bwawa, ukae kwenye kigoda chao na ndoo yako, kama wafanyavyo wao. Ustaarabu huo nimeupenda, na sisi tumekatazwa kuoga janaba ndani ya maji yaliyotuama. Harufu ya kiberiti na ukali wa asidi ya maji ya Kusatsu visikutie wasiwasi: Imam an-Nawawi ameeleza katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, kwamba maji yaliyobadilika kwa kilichomo makaoni mwake au njiani mwake hayaharibiki, yanatwaharisha.

Lakini kuna jambo hukuniuliza. Ile hadithi ya Jabir aliyoipokea Tirmidhi, inayosema mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asiingie hamamu bila shuka, inaendelea kusema asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Hadithi ni moja. Umehuzunika kwa nusu yake ya kwanza, na karamu ya mwisho wa mwaka ya Wajapani haikosi sake, pombe yao ya mchele. Hata chakula chenyewe, mchuzi na nyama huchanganywa sake au mirin, pombe tamu ya kupikia. Waandikie wenye nyumba sasa hivi, wiki tatu kabla: nyama usile, pombe isiingie hata katika mapishi, wakupe samaki wa kuchomwa kwa chumvi, wali, mboga na tofu. Na mwombe profesa uletewe chakula mapema, ujiunge nao baadaye kwa chai, vikombe vya pombe vikishaondolewa.

Nenda kwake ana kwa ana, kabla ya safari, usisubiri mlango wa bwawa. Mchukulie kahawa ya kwetu, Wajapani wanaijua kwa jina la Kilimanjaro. Mwambie: "Sensei, mwaka jana niliona haya kusema. Dini yangu hainiruhusu kuvua nguo mbele ya watu. Nataka kuja, nataka kukaa nawe." Mzee anayekuchukua safari kila mwaka hatakudharau kwa kuwa na haya.

Ama sala za siku ile, usizirudie. Uliziswali umejisitiri, ni sahihi. Lililobaki ni toba, nayo naiona imeshaanza, kwa kuwa jambo hili linakuuma hadi leo. Usimhadithie mtu mwingine, na uliyoyaona kwa wenzako yaache humo humo.